Lauzwa Kama Lilivyo

Katika kila tangazo la mnada wa magari ya jeshi yapo maneno machache ambayo watu huyapita mbio ili wafike upesi kwenye orodha ya malori. Maneno yenyewe ni haya: kila kitu chauzwa kama kilivyo, mahali kilipo, bila dhamana. Chini yake huja orodha: namba ya fungu, jina la kiwanda, mwaka wa kutengenezwa, kilometa zilizohesabiwa na saa ya lori, na picha moja iliyopigwa kutoka upande wenye rangi nzuri. Basi. Hakuna aliyeandika kama giaboksi ni nzima, wala kama injini imewashwa tangu mwaka juzi. Hayo yote yamo ndani ya yale maneno machache ya juu, nayo yamewekwa pale makusudi.

Sisi wa Kolwezi tuliyasoma maneno hayo mwezi wa Mei 2022. Mnada ulikuwa ufanyike Lubumbashi, mwendo wa kilometa kama 300 kutoka kwetu, nao ulikuwa na malori kumi na matatu yaliyotumiwa zamani na majeshi ya Ulaya. Mimi ni mwandishi wa chama cha wazazi na waalimu cha parokia yetu, na chama hicho kilikuwa na fedha sandukuni. Kwa hiyo tangazo lililetwa kwangu, nami nikatakiwa kusema linamaanisha nini.

Tulipokuwa seminarini tulifundishwa juu ya haki katika kuuza na kununua. Mtakatifu Thomas wa Akwino aliuliza kama muuzaji amelazimika kuitaja kasoro ya kitu anachokiuza. Alijibu kwamba kasoro iliyofichika, iwezayo kumletea mnunuzi hasara au hatari, yapasa kutajwa. Lakini kasoro iliyo wazi, kama ya farasi mwenye jicho moja, muuzaji aweza kuinyamazia, mradi amepunguza bei kwa kadiri ya kasoro hiyo. Nilipolitazama tangazo lile nikajiuliza: lori lisilo na betri, lililosimama katika nyasi za ghala, je, ni farasi mwenye jicho moja, au ni farasi mwenye maradhi ya tumboni? Naona ni yote mawili. Kwamba limechoka, hilo ni wazi kwa kila mwenye macho. Limechokea wapi, hilo limefichika, na limefichika hata kwa dalali mwenyewe. Hapo ndipo mnada wa namna hii unapotofautiana na ulaghai wa sokoni. Mlaghai anajua na anaficha. Dalali hajui, naye amekwisha kukuambia kwa maandishi kwamba hajui.

Ni vema kueleza malori haya hutoka wapi, maana watu wengi hudhani jeshi huuza kitu kilichovunjika tu. Sivyo. Ile hofu ya vita kati ya Mashariki na Magharibi ilipokwisha, karibu na mwaka 1990, majeshi ya Ulaya yalipunguzwa sana. Ubelgiji iliacha kuwaita vijana jeshini kwa lazima katikati ya miaka ya 1990, Ujerumani ikafanya hivyo mwaka 2011. Malori mengi yaliyokuwa yamewekwa kungoja vita ambavyo havikuja yakawa hayana kazi. Serikali ya Ujerumani huuza mali yake ya ziada kwa njia ya kampuni iitwayo VEBEG, yenye makao yake Frankfurt. Wafanyabiashara hununua kwa mafungu, hupakia melini, na mengine hufika Afrika. Haya yetu yaliletwa na mfanyabiashara mmoja aliyeshindwa kulipa ushuru na gharama za ghala, ndiyo sababu yakanadiwa. Kwa hiyo yalikuwa yamepita mikono mitatu, na kila mkono ulikuwa umesahau jambo fulani.

Sasa niseme haja yetu. Jamaa za parokia zina mashamba ya mahindi upande wa Nzilo na katika njia ya Lubudi. Kolwezi ni mji wa shaba na kobalti. Malori yanayopita mchana na usiku hubeba madini kwenda mpaka wa Kasumbalesa, na mwenye lori hana sababu ya kupoteza siku kwa magunia ya mkulima ila kwa bei itakayomla mkulima mwenyewe. Unga tunaokula mjini, sehemu kubwa hutoka Zambia. Mpaka ukifungwa siku chache tu, mama wa nyumbani huona katika sufuria yake. Na wakati huohuo mahindi yetu wenyewe huharibika shambani, kilometa hamsini kutoka sufuria ile. Jamaa arobaini na moja walikuwa wameweka akiba kwa miaka mitatu, kila jamaa kwa kadiri yake, hata zikapatikana dola 9,400. Si fedha za kuchezea. Nilizipokea mwenyewe, nikaziandika daftarini, na najua noti ipi ilitoka katika kitambaa kipi.

Katika mkutano wa kwanza vijana walisimama wakasema fedha zote ziende mnadani, maana anayekwenda na fedha nusu hurudi na lori nusu. Walipigiwa makofi. Kisha akasimama mama mmoja mjane, ambaye hana desturi ya kusema mikutanoni.

"Mwalimu," akasema, "hilo lori likikataa kutembea, magunia yangu yatatembea kwa miguu gani? Nusu ya fedha ibaki sandukuni. Likifa, tutakuwa tumefiwa nusu."

Wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa mtoto wake yuko darasani mwangu, na najua kwamba mama huyo aliahirisha kumnunulia viatu ili atimize mchango wake. Paroko wetu, aliyekuwa ametupa ukumbi tu na kukataa katakata lori liandikwe kwa jina la parokia, aliinuka akatukumbusha habari ya yule mtu wa Injili aliyetaka kujenga mnara, akaketi kwanza kuhesabu gharama. Tukapiga kura. Maneno ya mjane yakashinda kwa kura nne tu.

Katika mkutano huo niliwaeleza watu habari mbili za zamani, nami nazieleza tena hapa, kwa kuwa zilitusaidia kuliko ushauri wote wa vijiweni.

Ya kwanza ni ya Kongwa, katika Tanganyika. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha shamba kubwa la karanga. Dunia ilikuwa imetoka vitani, viwanda havikuweza kutoa matrekta mapya ya kutosha, basi wakubwa wa shamba wakanunua mashine zilizobaki za majeshi, nyingi zikiwa zimelala Filipino tangu Wamarekani walipomaliza vita vyao huko. Zilikuwa na kutu, zimechakaa, na historia yake haikujulikana. Hata vifaru aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta na kuitwa Shervick, navyo havikufaa. Kabla ya mwaka ule wa kwanza kwisha, sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imelala bila kazi, vipuri viko mbali ng'ambo ya bahari, na mafundi wenye kuyajua hawatoshi. Ardhi ngumu ya Kongwa nayo ilikuwa na neno lake, na mvua pia. Mwezi wa Januari 1951 kazi ile iliachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikahesabiwa kuwa zimepotea. Hao walikuwa watu wa serikali, wenye wahandisi na wahasibu. Sembuse sisi wenye sanduku la mbao!

Ya pili ni ya Filipino kwenyewe. Baada ya mwaka 1945 watu wa Manila walinunua jipu zilizoachwa na jeshi la Marekani, wakazirefusha, wakazitia viti na paa na rangi za kila namna, zikawa magari ya abiria yajulikanayo kama jeepney, ambayo yalibeba watu wa mji ule kwa miaka mingi sana. Hapo ni vita vilevile, na mali ileile ya ziada, wala hakuna aliyepewa dhamana. Kwa nini mmoja apotee na mwingine apone? Kwa maoni yangu sababu iliyo kubwa ni kwamba jipu la Manila lilikuwa na ndugu. Zilikuwako maelfu ya namna moja. Hili likikosa gurudumu, lile lililokufa litatoa. Fundi aliyelijua moja aliyajua yote. Trekta la Kongwa lilikuwa yatima.

Basi tukaenda Lubumbashi watu watatu: mimi, mweka hazina, na mzee mmoja fundi aliyestaafu, ambaye ametengeneza malori ya machimbo tangu ujana wake. Tulipewa siku moja ya kutazama. Ilikuwa ruhusa kufungua boneti na kuingia chini ya lori, lakini hapakuwa na ruhusa ya kuwasha. Mzee alivua koti, akalala juu ya gunia, na kwa muda wa saa sita hakusema ila maneno machache.

Kilometa hakuzitazama. Namba 11, Mercedes 1017 ya kubebea mizigo, saa yake ilionyesha kilometa 31,000 tu, nami nikafurahi. Mzee akanijibu, "Mwalimu, lori la jeshi halizeeki kwa kutembea, huzeeka kwa kulala." Alinionyesha ubavuni mwa tairi tarakimu nne zilizofungwa katika duara dogo: 2606. Maana yake tairi ilitengenezwa katika juma la 26 la mwaka 2006. Kashata zake zilikuwa ndefu kama za tairi mpya, lakini raba imepasuka vijistari kama udongo wa kiangazi. Aliniambia vivyo hivyo ndivyo ilivyo mipira yote isiyoonekana: ya breki, ya maji, ya mafuta. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akakipangusa kidoleni; oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, na hapo uondoke. Ya namba 11 ilikuwa nyeusi tu. Akatia spana kubwa katika nati ya mbele ya injini, akaivuta kwa uzito wa mwili wake wote. Ikazunguka polepole, ikipumua. Malori mawili mengine hayakuzunguka kabisa, na mojawapo lilikuwa ndilo lenye rangi nzuri kupita yote.

Jambo lililonishangaza zaidi ni hili. Lilikuwako lori moja ambalo chini yake palikuwa pakavu kabisa, bila hata tone la oili, nami nikamwonyesha. Mzee akatikisa kichwa. Lisilovuja kabisa, akasema, kwanza uliza kama lina oili. Akafungua kifuniko, akaingiza kidole. Halikuwa nayo.

Wakati huohuo mimi nilikuwa na kazi iliyo yangu, yaani kusoma. Nililinganisha namba iliyogongwa katika chesisi na namba ya kibati na namba ya orodha, lori baada ya lori. Katika malori matatu hazikupatana. Lori lenye namba mbili huweza kutembea vizuri sana, lakini litatembea mpaka kizuizi cha kwanza cha polisi. Sina ufundi wa injini, lakini naona kila jamaa linalokwenda mnadani lapaswa kumpeleka mtu wa spana na mtu wa kalamu, maana lori la jeshi halina karatasi za kiraia lenyewe. Maisha yake ya kiraia huanza na hati ya mnada.

Jioni tulibaki na mawili: namba 11 na namba 4. Namba 4 lilikuwa kubwa, la magurudumu sita, zuri, injini yake inazunguka kama ya jana. Mweka hazina alikuwa amekwisha kulipenda. Lakini lilikuwa la kiwanda ambacho sijapata kuona lori lake jingine Kolwezi, na katika maduka yote ya vipuri tuliyopita Lubumbashi jioni ile hakuna aliyekuwa na hata chujio lake. Injini ya namba 11, kinyume chake, ni ya ukoo wa OM 352, ule ule uliobebwa na malori ya Mercedes 1113 ambayo Afrika nzima yanafahamika. Namba 11 lilikuwa na ndugu mjini.

Tulikesha tukihesabu. Njia yetu ilikuwa hii: hatukuuliza lori lina thamani gani, bali tulidhani kwamba kila kitu ambacho hatukuweza kukiona kimekufa. Tukaandika bei ya matairi, ya breki, ya klachi, ya betri mbili (maana umeme wa malori haya ni wa volti 24), karatasi, bima, dereva, mafuta ya kurudi. Tulipoiondoa jumla hiyo katika dola 9,400, tukaacha na kitu kidogo cha dharura, kilichobaki kilikuwa karibu sana na ile nusu aliyoitaja mjane. Yeye hakuwa amehesabu breki wala klachi. Tukaweka kikomo: dola 4,700, hata senti moja zaidi hapana, na kalamu ya kutia sahihi nikaishika mimi.

Asubuhi watu walikuwa wengi, na jua kali. Mnada una ulevi wake. Mtu anayenadi pembeni mwako anakufanya uamini kwamba ameona jambo ambalo wewe hukuliona, naye anadhani hivyo hivyo juu yako, na bei hupanda kwa ujinga wa watu wawili wanaoheshimiana. Namba 4 lilipita 4,700 kabla sijameza mate, mweka hazina akanishika mkono, nami nikautazama ukuta. Likachukuliwa na mfanyabiashara mmoja kwa 8,300. Ilipofika zamu ya namba 11, wengi walikuwa wamekwenda kutafuta kivuli. Likawa letu kwa dola 4,100.

Wiki sita zilipita kabla halijaondoka Lubumbashi. Klachi ilikuwa imeganda kwa kutu, jambo la kawaida kwa lori lililolala. Mipira ya breki ilikatika mikononi kama mkate. Ndani ya tangi mlikuwa na tope ambalo sijui lilitoka nchi gani. Matengenezo yalikula dola 2,360, na karatasi, bima na namba zikala 1,150. Giaboksi, ambayo tuliihesabu kuwa imekufa, ilikuwa nzima. Kila Jumapili baada ya Misa nilisoma hesabu mbele ya jamaa, pamoja na jina la kila kipuri. Wapo waliochoka kusikiliza. Mjane hakuchoka.

Yalibaki mambo ya rangi. Kolwezi imeyaona malori ya jeshi mara nyingi yakija kwa sababu nyingine. Mwezi wa Januari 1963 vikosi vya Umoja wa Mataifa viliingia mjini, na kujitenga kwa Katanga kukakoma. Mwezi wa Mei 1978 waasi waliotoka Angola waliuteka mji, kisha wakaja askari wa miavuli wa Ufaransa na Ubelgiji, na katika siku hizo chache mamia ya watu waliuawa. Wazee waliokuwa watoto wakati ule hawapendi kusikia injini kubwa usiku, na lori la kijani likisimama mbele ya mlango wao hawaulizi limebeba nini. Mzee fundi mwenyewe ni mmoja wao. Yeye ndiye aliyesema kwamba lori hilo halitaingia mtaani kwetu na rangi ile. Tukasimama Likasi siku mbili, likapakwa rangi ya samawati, kwa dola 140, nami naiona ni fedha iliyotumika vizuri kuliko zote.

Mtu atauliza yaliyolipata lile namba 4. Nimesikia kwamba linatembea vizuri, nasi twamtakia heri mwenyewe. Alikuwa na malori mengine matano. Lingekufa, angeuza vyuma chakavu, akala chakula chake cha jioni kama kawaida. Vijana wetu husema tuliogopa bure. Huwajibu mweka hazina, si mimi, na huwajibu kwa kufungua daftari.

Tangu hapo lori limebeba mavuno ya misimu kadhaa. Barabara ya Lubudi wakati wa mvua si rafiki wa mtu, na mara moja tulilala njiani siku tatu kwa sababu ya pampu ya mafuta. Kijana mmoja akaja Kolwezi kwa pikipiki, akapata pampu iliyotoka katika 1113 iliyokufa, akairudisha mchana uleule. Siku tuliyolileta mtaani sanduku lilibaki na dola 1,650, ambazo mkutano ulikataa zisiguswe ila kwa matairi. Mawili tumekwisha kuyabadili. Manne yaliyobaki yangali na ile 2606 ubavuni, na mzee anataka tuyanunue kabla ya mvua za Novemba.